Kiti cha Bosi Uani kwa Mwalimu

Ulikuwa mwaka wa mashelisheli. Mchele ulipanda bei hata pilau tukawa tunainusa kwa wenye harusi tu, na miti ya mashelisheli ikazaa kama iliyoamrishwa. Tulikula shelisheli la nazi asubuhi, shelisheli la kukaanga jioni, na katikati bada, ugali wa muhogo, kwa dagaa wa uono. Watoto wa mtaa walinenepa mashavu na bado wakawa wanalia wakiliona sufuriani. Mwaka huo ndio Mwalimu aliponiita uani kwake, akanikalisha kwenye kiti chake, nikawa bosi wa Kizungu.

Sitanii. Mie mzaliwa wa Moa, niliyetolewa shule darasa la tatu nikalee wadogo zangu, nisiyejua Kiingereza zaidi ya yesi na noo, nilikuwa bosi. Nilikalia kiti cha mikono, miguu pamoja, uso mkavu kama kifuu, na vijana waliomaliza kidato cha nne na cha sita wakasimama mbele yangu wakitokwa jasho.

Jina lake silisemi, na hata alipokuwa mzima hatukulitumia. Alikuwa Mwalimu, basi. Barabara ya kumi na tatu hapa Ngamiani, Tanga, ina walimu wengi, wa madrasa, wa shule ya msingi, wa cherehani, lakini ukimwambia kijana wa bodaboda "nipeleke kwa Mwalimu" anakushusha mlangoni kwake yeye. Kazaliwa wapi na kazaliwa na nani, waulizwe Washambaa wenziwe huko milimani. Mie namjua toka alipohamia nyumba ya ubavuni mwangu. Ukuta wetu mmoja. Akikohoa yeye, pole nasema mie, bila kunyanyuka kitandani.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na shingo ya kujivunia. Gauni la kola kila siku ya Mungu, hata akifua. Mkononi alivaa saa iliyokufa zamani, mishale imelala hapo hapo ilipofia, na akiitazama tu wanafunzi wanakaa sawa. Nilimwambia, "Mwalimu, si uitie betri?" Akanijibu, "Ya nini? Wanaiogopa hivyo hivyo."

Alifundisha Kiingereza cha mdomoni. Cha kuandika wanafunzi wake walikuwa nacho, wameandikia mitihani. Kutamka ndiko kulikowashinda. Alikuwa akiwaambia, "Kiingereza mnacho tumboni. Kinawakwama kooni, na atakayekitoa si mimi." Walikuwa watu wanaotaka kazi za hoteli, za bandarini, za kupeleka wageni mapangoni, za maofisi. Mwaka mzima nilikuwa nawasikia kupitia ukutani, wanaimba neno moja mara ishirini, nami nakoroga unga wa mkate wangu wa kumimina nikisema, maskini, watu wazima wanafanywa kasuku.

Aliyenifikisha kwenye kiti kile ni mjukuu wangu Saumu. Ni binti wa mwanangu Kombo, nimemlea toka alipoachishwa ziwa. Kombo yuko Moa, anaendesha bodaboda, na kidomo chake ni kirefu kuliko barabara anazopita. Saumu alipomaliza shule Kombo alinipigia simu.

"Mama, nakupa mwaka mmoja. Asipopata kazi hapo mjini anarudi huku. Kuna mtu ameshaniletea posa."

"Mtu gani?"

Akanitajia. Namjua. Ana wake wawili, magoti mabovu, na mtoto wake wa kwanza kamzidi Saumu umri.

"Huyo anatafuta mke au anatafuta wa kumkanda miguu?"

"Mama, mwaka mmoja," akasema, akakata.

Basi nikampeleka Saumu kwa Mwalimu siku hiyo hiyo. Hatukuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Juma la pili nikapita uani kwake kuazima mbuzi ya kukunia nazi, yangu imevunjika mguu. Nikamkuta Saumu amesimama mbele ya kioo kilichotundikwa kwenye kamba ya nguo. Mwalimu kasimama pembeni. Saumu katoa ulimi nje, kaushika kwa meno, anampulizia Mwalimu usoni. Mtoto wangu! Anamtolea ulimi mtu mzima! Nilivua ndala kabla sijajua nimevua.

"Mwalimu! Unamfundisha mtoto wangu kutoa ulimi?"

"Namfundisha kusema, Mama Kombo."

"Kwetu hilo ni tusi."

"Kwao hiyo ni sauti. Ulimi usipotoka, neno halitoki."

"Basi na lisitoke!"

Wale wanafunzi wengine wakacheka, mmoja akaanguka kwenye ndoo. Mwalimu hakucheka. Alinitazama mie, akaitazama ndala yangu, akamtazama Saumu aliyekuwa amekwishauficha ulimi na macho kayainamisha. Halafu akaitazama saa yake iliyokufa.

"Mnacheka nini? Atakayeweza kusema mbele ya mama huyu, na ndala yake mkononi, hamwogopi bosi yeyote duniani. Mama Kombo, kesho saa kumi njoo. Ndala uje nayo."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ya uzungu. Mshahara wangu chai na maneno ya Mwalimu.

Masharti yake yalinitesa kuliko walivyoteseka wanafunzi. Nisitabasamu. Nisiseme karibu. Nisimuulize mtu kwao wapi na mama hajambo.

"Mtu kaingia, nisimkaribishe?" nikamuuliza. "Nimfanye mbwa?"

"Mfanye mgeni wa ofisini."

"Huko maofisini hawana mama zao?"

"Wanao. Wamewaacha nyumbani."

Mambo ya mwili ndiyo aliyoyapa uzito kuliko maneno. Alisema maneno mtu huyasahau, bali mwili unasema hata ukinyamaza. Siye watu wa huku tunaonesha mahali kwa midomo. Ukiniuliza chumvi iko wapi nakubenulia midomo upande wa jikoni, basi umeshajua. Yeye hataki. Tunafyonya tukichukia. Hataki. Na tukikubali jambo tunanyanyua nyusi tu, kwa nini upoteze neno? Hilo ndilo lililokuwa adui yake mkubwa. Alikuwepo kijana mmoja wa Maramba, dereva hodari, alikwenda kuomba kazi ya kuendesha wageni. Akaulizwa, umewahi kuendesha safari ndefu? Akanyanyua nyusi. Akaulizwa tena. Akanyanyua tena, safari hii juu zaidi, maana aliona yule mtu haoni vizuri. Mara ya tatu mgeni akafunga daftari. Kijana akarudi kwa Mwalimu amefura. "Nimemwambia ndiyo mara tatu, Mwalimu, kiziwi yule!" Mwalimu akachukua plasta ya vidonda akambandika katikati ya paji la uso. Kila akinyanyua nyusi plasta inamvuta ngozi. Wiki mbili alitembea Ngamiani na plasta, watu wanampa pole ya ajali.

Kuhusu macho tuligombana kabisa. Kwetu mtoto mwenye adabu akisema na mkubwa anatazama chini. Hilo nimemfunza Saumu kwa kofi na kwa sukari. Mwalimu anataka amtazame bosi ndani ya mboni. Nikamwambia anazalisha watoto wakavu wa macho. Akanionesha mlangoni kwake, pale viatu vyote vilipovuliwa.

"Unaona? Mwanafunzi wangu anavua viatu hapo, na adabu ya nyumbani anaivua hapo hapo. Humu ndani ananitazama. Akitoka anavaa viatu na anaivaa adabu yake. Atakayetoka pekupeku, huyo nitamchapa mimi kabla yako."

Na kweli. Ndani ya ua Saumu alikuwa ananikodolea kama kunguru, akivuka kizingiti tu, "Shikamoo bibi," goti chini, macho miguuni mwangu. Siku ya kwanza aliponitazama nikiwa kitini alitokwa na machozi, lakini macho hakuyashusha. Nilimlea mie, nimemwosha, nimemsuka, na siku hiyo ndiyo niliyojua kwamba jicho lake la kushoto lina doa dogo, kama mbegu ya ufuta. Sikumwambia mtu. Bosi hasemi mambo hayo.

Alhamisi ilikuwa siku ya kazi. Leo wewe mpishi, wewe karani wa bohari, wewe wa mapokezi. Ukifika kwa bosi uulizwe unajua nini. Hapo, Mwalimu alisema, ndipo watoto wa Tanga wanapozama, na wanazama kwenye maji ya magoti. Maana mtu wa kwetu hajisifu. Fundi akiulizwa unajua, anasema nabahatisha. Mpishi anasema najaribu tu. Anayejisifu tunamwita mshamba. Sasa yule bosi akisikia "najaribu," anaamini.

Mie nikasema hayo ni ya watoto. Mwalimu akanigeuzia kiti.

"Mama Kombo, wewe unajua kupika mkate wa kumimina?"

"Ah, najaribu tu, mwenzangu."

"Mwongo!"

Akapiga mkono mezani hadi chai ikamwagika. Wanafunzi wakaganda.

"Mkate wako unatoka hapa unakwenda mpaka Mombasa kwenye sanduku la biskuti. Hapa Ngamiani hakuna anayekufikia, na unalijua hilo. Usiku namsikia nani ukutani anasema 'mkate wa fulani kama sponji la kuogea'? Si wewe? Sema sasa. Unajua, hujui?"

Nilijaribu kulisema. Wallahi ulimi ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Uso ukanichoma. Nikasema, "Najua." Akasema, "Kiasi gani?" Nikasema, "Najua kuliko wote." Halafu nikafunika uso kwa kanga kama mwari. Lakini nilikwenda nyumbani nimenyooka mgongo, na nikaona mwanamke huyu ana kitu.

Sasa nimseme upande wa pili, maana simpambi maiti wala bibi harusi. Alikuwa na mambo yake. Aliyekataza watu kufyonya, yeye redio ikisoma habari kwa Kiingereza kibovu alifyonya mpaka kuku wakakimbia. Aliyefundisha kutazama watu machoni, kaka yake mkubwa alipoteremka kutoka milimani kumtembelea, nilimwona kwa macho yangu kapiga magoti mawili, katazama sakafu, sauti imekuwa ya mtoto wa miaka sita. Nilimcheka wiki nzima. "Bosi kaja, macho umeyaacha mlangoni?" Akasema, "Nyamaza, Mdigo wewe." Mlutheri aliyekuwa haachi ibada ya Jumapili, na Ramadhani akifunga siku ya kwanza na siku ya mwisho, "kuwasindikiza," anasema, lakini futari anakula siku zote thelathini. Na sifa hakutoa. Mwanafunzi akisema vizuri kupita wote, yeye husema, "Haya, mwingine." Saumu alilia kwa ajili ya hiyo "haya, mwingine."

Kubwa kuliko yote, hakuwa tayari kumsemea mtu. Watu walikuja kwake kama kwa mganga. Mmoja kapigiwa simu na mgeni anayetaka kukodi nyumba, anamkimbizia Mwalimu simu inaita. Mwingine anataka asindikizwe ofisini, Mwalimu amwambie bosi hivi na hivi. Wote aliwajibu neno moja, bila kupandisha sauti.

"Mwenye kinywa chake mimi simsemei."

Kisha anamkalisha, anamfundisha maneno anayoyahitaji, bure, hata kwa siku tatu. Mwenye simu yule alifundishwa huku simu imeshakatika. Watu walimsema kwamba ana roho mbaya. Nami nikamtetea, maana hilo neno lilikuwa halijanifika.

Lilinifika. Saumu alikwenda kwenye usaili wake wa kwanza, hoteli moja ya ufukweni njia ya kwenda Pangani, kazi ya mapokezi. Alikuwa kanyooka kama mshale. Macho anayo, ulimi anao, nyusi kazifunga. Aliporudi nilijua kwa viatu vyake, alivyovivua kimoja kimoja.

"Waliuliza nini?"

"Kila kitu, bibi. Nikajibu. Mwisho yule mama wa kizungu akauliza, kompyuta unaijua vizuri?"

"Na wewe unaijua. Shule nzima ulikuwa unawafundisha wenzio."

Akatazama chini. Akalitaja neno lenyewe kwa Kiingereza, kisha akaninong'oneza kwa Kiswahili: "Nikasema kidogo."

Kidogo! Kompyuta ile ya mwenye duka la picha anaitengeneza yeye! Nilimtukana, nikamkumbatia, nikamtukana tena. Jioni Kombo akapiga simu. Nikamwambia mwaka haujaisha. Akasema posa nayo haiozi, lakini miezi inahesabika.

Mwezi wa kumi hoteli ile ile ikatafuta mtu tena. Na hapo nikasikia sokoni jambo lililonifanya niache nazi zangu kwa muuzaji nikimbie nyumbani: bwana anayesimamia wafanyakazi pale alipita uani kwa Mwalimu miaka ya nyuma. Alikuwa mwanafunzi wake! Mwalimu ndiye kamtoa kigugumizi! Simu moja tu. "Mwanangu, kuna binti anakuja Jumatatu, mwangalie." Basi. Maneno hayo hata hayahitaji Kiingereza.

Nikamkuta anakunywa chai. Sikukaa.

"Mwalimu, yule bwana wa hoteli kumbe mwanao."

"Nilimfundisha."

"Mpigie."

Akaweka kikombe chini taratibu. Nikajua kabla hajafungua mdomo, na damu ikanipanda.

"Mwenye kinywa chake mimi simsemei."

"Saumu si mtu baki! Saumu ni mtoto wako! Anashinda hapa kuliko kwangu!"

"Ndiyo maana."

"Unajua kinachomngoja Moa. Nimekusimulia. Umemwona yule mzee na magoti yake?"

"Sijamwona, nimekusikia."

"Na huwezi kunyanyua simu? Una moyo gani wewe? Moyo wa kifuu, umekunwa ukaisha!"

Akakizungusha kikombe pale kilipo. Kisha akasema, macho kwenye kikombe, yeye aliyekataza watu kutazama chini:

"Nilimsemea mtu mara moja. Nilikuwa nafundisha Maramba. Walikuja madaktari wageni wa siku chache, hawajui Kiswahili, nikaitwa nitafsiri. Jirani yangu mmoja alikuwa anaumwa tumbo. Usiku kucha tulikuwa tunamsikia anauma shuka. Alipofika mezani daktari akauliza, inauma kiasi gani? Yeye akacheka kwa haya, akaniambia, 'Kidogo tu, Mwalimu. Kidogo tu.' Nami nikamwambia daktari: kidogo tu. Kama alivyosema. Akapewa vidonge akarudi nyumbani. Hatukumaliza wiki tukamzika."

Akakinyanyua kikombe. Kilikuwa kitupu.

"Angekuwa amesimama peke yake pale, bila mimi, angeonesha kwa mkono. Angelia. Yule daktari angemwona. Mimi ndiye niliyekaa katikati."

Ningesema nilimhurumia, ningekuwa nasema uongo. Nilikuwa namfikiria Saumu katika nyumba ya wake wawili huko Moa, anachemsha maji ya kukanda magoti. Nikamwambia, "Maiti wako mzike, wangu yuko hai," nikatoka. Neno hilo nililisema mie, kwa kinywa changu, na leo bado linanikera mdomoni kama mfupa wa samaki.

Sikukanyaga uani kwake tena. Kiti kikakaa bure. Saumu aliendelea kwenda, hakuniomba ruhusa nami sikumkataza. Jioni nasikia ukutani, Mwalimu anauliza, Saumu anajibu, Mwalimu anauliza, Saumu anajibu, na mie nakoroga unga mpaka mkono unakufa ganzi. Akikohoa, pole naimeza.

Zilikuwa zimebaki siku nne kufika Jumatatu. Asubuhi ile hakukohoa. Nikangoja. Nikagonga ukuta. Nikaita, "Mwalimu!" kwa sauti ya mtu asiyegombana na mtu. Tukavunja komeo, tukamkuta sakafuni na gauni lake la kola, mdomo umekwenda upande. Kiharusi. Wakamchukua hospitali, na kaka yake akateremka.

Saumu alirudi kutoka hospitali akakaa barazani, mikono imelala mapajani.

"Siendi, bibi. Bila Mwalimu siwezi."

Nikamshika mkono. Nikampeleka uani kwa Mwalimu, kuku wanazunguka, kioo bado kinaning'inia kwenye kamba. Nikakalia kile kiti. Nikavua ndala nikaishika.

"Vua viatu," nikamwambia. "Anza."

"Bibi, wewe hujui Kiingereza."

"Mie nakijua kidogo kuliko jogoo. Lakini nakijua kile 'kidogo' chako, na nikikiona usoni kwako nakipiga ndala. Anza!"

Siku nne. Alijisemea maneno yake, sikuelewa hata moja, na nilielewa kila alipodanganya. Bega likishuka, napiga sakafu. Jicho likikimbia, napiga. Akisema jambo lake huku anacheka kwa haya, napiga mara mbili. Siku ya mwisho hakunipa nafasi ya kupiga. Nikasema, "Haya, mwingine," na mwingine hakuwepo. Tukacheka sote wawili mpaka tukalia.

Zilipita wiki mbili na siku kadhaa baada ya Jumatatu ile, ndipo Mwalimu alipotolewa hospitali. Walimrudisha nyumba ile ile, wakamlaza chumba cha mbele. Nilioga, nikafunga mkate wa kumimina katika kitambaa, nikamwambia Saumu anifuate baadaye. Mlangoni nilisita. Mtu niliyemwambia neno lile, naingiaje kwake? Kisha nikavua viatu, nikaingia.

Alikuwa amekonda zaidi. Shingo ile ile. Upande mmoja wa uso umelala, na saa yake wamempa aishike mkononi. Nikakaa kitandani, nikamtazama ndani ya mboni.

"Mwalimu. Neno lile nimelirudisha. Nisamehe."

Hakuweza kusema. Akanyanyua nyusi.

Nikashtuka. Kisha nikaelewa. "Ee! Leo unanyanyua nyusi? Nilete plasta?"

Upande ulio mzima wa mdomo wake ukapanda, machozi yakatoka upande uliolala. Akanyanyua nyusi tena. Nikamwuliza umekula, nyusi. Unaumwa? Akatingisha kichwa kukataa, akasita, kisha akaonesha kwa mkono ulio mzima: hapa, na hapa, na hapa. Hakusema "kidogo." Nikamkanda hapo.

Saumu akaingia. Kavaa sare yake, shati jeupe na sketi ya buluu, na kibao cha jina kifuani. Alikuwa na siku sita kazini. Mwalimu alimtazama toka kichwani hadi miguuni, polepole, kama mtu anayesoma barua. Nikangoja afurahi. Badala yake uso wake ukakaza. Akaugeuzia kwangu. Mdomo ukahangaika, mate yakamtoka, nikainuka nimfute, akanisukuma mkono. Alilitafuta neno muda mrefu, na wala mie wala Saumu hatukumtafutia.

"Na... ni?"

Nilimwelewa. Nani kamsemea? Nani kampigia simu yule bwana? Macho yake yalikuwa makali kama siku za kiti. Niliona kwamba nikijibu vibaya, sare ile haitakuwa na maana kwake, na labda mie mwenyewe nisingerudi tena kwenye chumba kile.

"Saumu, kaa," nikasema. "Nakusimulia, Mwalimu. Nilimsindikiza, sikatai. Nikakaa nje ya ofisi, mlango wazi kwa joto. Wakamuuliza, akajibu. Wakamuuliza, akajibu. Walipofika pale kwenye kujua na kutojua, nikasikia kimya. Kimya, Mwalimu! Nikahesabu pumzi zangu. Yule bwana wako akatoka, mnene siku hizi, akaniinamia vizuri. 'Shikamoo bibi.' Marahaba. Akasema, 'Binti anaogopa. Wewe ndiye uliyemlea. Hebu tuambie wewe kwa Kiswahili, kazi hii anaiweza?'"

Mwalimu akaikaza saa mkononi.

"Nilikuwa na maneno arobaini ulimini. Kwamba anaiweza, kwamba anawazidi wote, kwamba kompyuta ya duka la picha anaitengeneza yeye, kwamba Moa kuna mzee. Nikamwangalia Saumu kupitia mlangoni. Naye kaniangalia, hakuinamisha. Nikaliona lile doa la jichoni. Basi nikamgeukia yule bwana, nikamtazama machoni, sikutabasamu, nikamwambia:

"'Mwenye kinywa chake mimi simsemei.'"